Kumwosha Shangazi Ada

"Hivi wewe Enid, miaka kumi na tisa uliosha treni za watu mpaka mikono ikachubuka, na sasa umekaa jikoni unaunda nyingine?"

Aliyeuliza ni Marjorie, jirani wa ukuta mmoja, siku alipokuja kurudisha bakuli la pudini. Alikuta meza nzima ya Enid Crowther imetandikwa magazeti, na juu ya magazeti vipande vya metali vya kijivu vimepangwa kama mifupa ya samaki aliyeliwa. Enid hakumjibu papo hapo. Alikuwa ameshika kipande kimoja kwa koleo dogo, na gundi haimsubiri mtu. Alikiweka mahali pake, akahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini, ndipo akasema, "Ile niliyoiosha waliikata vyuma chakavu. Hii hakuna wa kuigusa."

Marjorie alicheka, akasema wanawake wengine wakistaafu hufuma soksi. Akaenda zake.

Hakuna wa kuigusa. Maneno hayo yalikuja kumrudia Enid mwaka uliofuata, na yalimrudia vibaya.

Enid aliingia kazini katika karakana ya reli ya Ravenshaw mwaka wa sitini na saba, akiwa msichana wa miaka ishirini na sita. Walikuwa wanawake wanne katika zamu ya alfajiri, kazi yao moja: treni itoke ikiwa safi. Walikuwa na ndoo, brashi za mpini mrefu, na dawa kali ya kuoshea iliyokula kutu na masizi na isipopata kutu ikala ngozi. Glavu walipewa jozi moja kwa mwaka. Zikitoboka mwezi wa tatu, hiyo ilikuwa shauri yao. Ukimpa Enid mkono leo utasikia vidole vyake vilivyo laini kupita kiasi, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Si ulaini wa mtu aliyekaa bila kazi.

Kiongozi wao, ingawa hakuna aliyempa cheo, alikuwa Olive Sugden. Mfupi, mpana wa mabega, mdomo usiolala njaa. Ilibidi asimame juu ya ndoo iliyopinduliwa ili brashi yake ifike kwenye paa. Ndiye aliyezipa treni majina. Ile ya mabehewa mawili, ya kijani, iliyotoka kila siku saa moja na dakika tano asubuhi, aliiita Shangazi Ada. Treni za namna ile hazikuwa na kichwa cha kuvuta. Injini zake za dizeli zilikuwa chini ya sakafu, na dereva alikaa mbele kabisa nyuma ya vioo, hata abiria wa viti vya mwanzo waliona reli kama anavyoiona yeye. Ada alivuja mafuta, alikohoa asubuhi za baridi, na hakukosa kazini hata siku moja. "Kama shangazi yangu hasa," Olive alisema, "ila huyu halalamiki."

Mwaka wa themanini na sita ilikuja amri kwamba Ada amezeeka, anapelekwa kukatwa. Asubuhi ya mwisho msimamizi aliwaambia wale wanawake wasijisumbue, sabuni isipotezwe kwa treni inayokwenda kufa. Olive alikuwa keshapanda juu ya ndoo yake. Hakugeuka hata kumtazama.

"Hata maiti huoshwa," alisema.

Wakamwosha, mabehewa yote mawili, mbele na nyuma, wakakausha vioo kwa magazeti. Saa moja na dakika tano Ada aliondoka bila abiria, anang'aa kama siku ya harusi. Wiki hiyohiyo wale wanawake wanne nao waliambiwa kazi yao imekwisha. Mashine ya kuoshea ilikuwa imenunuliwa.

Miaka kumi na minane ilipita kabla Enid hajaliona lile boksi. Lilikuwa kwenye mnada wa vitu vikuukuu wa kanisa lao, chini ya rundo la kanda za muziki, limefungwa kwa kamba. Juu yake pana picha iliyofifia: treni ya kijani ya mabehewa mawili. Vilikuwa vipande vya kuunganisha treni ndogo ya mfano, kampuni iliyovitengeneza ilikwisha kufa zamani. Enid alisimama pale na boksi mkononi mpaka mke wa mchungaji akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Usidhani ilikuwa kazi ya kubandika tu. Paa lilikuwa limepinda kama ndizi. Ilibidi aliloweke katika maji ya uvuguvugu na kulinyoosha taratibu kwa siku tatu. Vioo vya madirisha viligeuka manjano, akavitupa, akakata vipya kutoka kwenye kifuniko angavu cha boksi la kadi za Krismasi. Kuta za mabehewa zilikuwa za metali laini ya risasi na bati, zimejaa vinundu, na kila kinundu kilitaka tupa, kisha msasa, kisha subira. Karatasi ya maelekezo ilisema kipande cha saba kiungwe na cha tisa, na cha tisa hakikuwamo. Hicho cha tisa ndicho kilichokuwa uso wa behewa la nyuma, mahali pa dereva. Treni bila uso mmoja.

Kwa ajili ya uso huo Enid alijiunga na Chama cha Reli Ndogo cha Ravenshaw, kinachokutana kila Jumanne katika ukumbi wa juu wa kanisa. Wanaume kumi na mmoja, na sasa yeye. Mchango wa uanachama alilipa sawasawa na wao, lakini wiki ya kwanza tu birika lilijikuta mbele yake, na wiki ya pili waliuliza biskuti ziko wapi. Aliwamiminia chai. Alikuja kutafuta uso wa Ada, na aliupata: Raymond Duckett, fundi umeme mstaafu, mtu mwenye moyo mwema na mikono isiyotulia, alimfundisha kutengeneza kalibu ya plasta kutoka kwenye uso wa mbele na kuumimina mwingine unaofanana nao. Walirudia mara tano. Wa tano ulitoka bila kasoro, na Raymond alifurahi kuliko yeye.

Miezi kumi na minne. Viti alivipaka rangi ya buluu yenye mshono mwekundu, ingawa ukifunga paa huvioni. Kiti cha tatu cha behewa la mbele alikitia kiraka kidogo cha rangi nyeusi, kwa sababu abiria mmoja alikichoma kwa sigara mwaka wa sabini na mbili na Olive ndiye aliyekishona. Hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote. Ilikuwa kichwani mwa Enid, na kichwani mwa Olive.

Olive sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja, katika nyumba ya wazee upande wa pili wa mji. Jicho moja lilikuwa limezimika na la pili lilikuwa linaaga. Daktari alishamwambia halitafika mwakani likiwa linaona. Enid alipompigia simu kumweleza kwamba Ada amekamilika na ataonyeshwa kwenye maonyesho ya chama, Olive alimkatiza kabla hajamaliza.

"Mpwa wangu atanileta Jumamosi saa tano," alisema. "Lakini sikiliza, shoga. Nataka nimwone akiwa ameoga. Uchafu wake naujua, niliula miaka yote ile. Jicho hili moja nisilimalizie kwa uchafu."

Enid alimwahidi. Ahadi ndogo, ya kwenye simu.

Sasa lazima uelewe desturi ya wale wanaume. Katika ukumbi ule walikuwa wamejenga stesheni nzima ya Ravenshaw juu ya meza, kama ilivyokuwa mwaka wa sitini na nane: majukwaa, karakana, hata kopo la maziwa mlangoni kwa mkuu wa stesheni. Hawakukubali kitu bila ushahidi. Mwenyekiti wao, Clifford Tasker, aliyekuwa mpima ardhi wa halmashauri, alikuwa na majalada sita ya picha, na neno lake lilikuwa moja: "Picha iko wapi?" Mlango wa chumba cha ishara ulipakwa rangi upya mara tatu kwa sababu ya picha. Saa ya stesheni, ndogo kama punje ya dengu, ilichorwa mishale yake ionyeshe saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na Clifford angeweza kukueleza kwa nusu saa kwa nini ni dakika hiyo na si nyingine.

Na walikuwa na kazi moja waliyoipenda kuliko zote, wakaiita kuchakaza. Treni ikishamalizika, ikiwa mpya na nzuri, wanaichafua. Wanaipulizia rangi ya masizi, wanaipaka unga wa kutu, wanaitia michirizi ya mafuta. Kwao treni safi ni kitu cha kuchezea watoto. Treni chafu ndiyo kweli. Wanashindana nani anajua kuchafua vizuri zaidi, na Raymond hakuwa na mpinzani.

Jumanne kabla ya maonyesho Enid alimleta Ada kwa mara ya kwanza. Wanaume walimzunguka, wakainama, wakavua miwani na kuivaa tena. Clifford alisema kazi ni nzuri sana, ila imekuwa mpya mno, inang'aa kama ya dukani. Enid akasema ndivyo Ada alivyokuwa. Clifford akaleta jalada, akamfunulia picha moja baada ya nyingine: treni za kijani zilizo nyeusi kwa masizi, vioo vimefifia, matope mpaka madirishani.

"Tulizisafisha," Enid alisema.

"Bila shaka mlijitahidi, mama," Clifford alijibu, akafunga jalada kwa upole kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Enid alimwacha Ada katika kabati la chama. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akilirudia neno lile. Mlijitahidi. Miaka kumi na tisa, na vidole vilivyoliwa alama zake na dawa, halafu mtu anakufungia jalada.

Jumamosi alifika saa mbili asubuhi na keki ya tangawizi mkononi, maana keki nayo ilikuwa juu yake. Milango ingefunguliwa kwa watu saa nne. Ada alikuwa amekwisha kuwekwa kwenye reli ya pembeni, mbele ya karakana, na Raymond alikuwa amesimama karibu naye na kopo jipya la vanishi mkononi, uso wake wote tabasamu, kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Ada alikuwa mchafu.

Masizi kichwani. Michirizi ya mafuta ubavuni. Vioo, vile alivyovikata kwenye kifuniko cha boksi la kadi, vilikuwa vimepuliziwa ukungu wa hudhurungi, yamebaki matobo mawili tu ya nusu duara pale wipa zinapopita. Raymond alieleza kwamba yeye na mwenyekiti waliona vibaya kuiacha vile, wakaafikiana jana iwe zawadi. Alikuwa amekaa nayo saa nne. Akamwonyesha jinsi masizi yalivyokolea pale penye bomba la moshi.

Enid aliweka keki juu ya kiti. Alikuwa mwanamke wa kusali, asiyejua kupandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha. Alinyoosha kidole gumba akagusa ubavu wa behewa la mbele. Unga ukabaki kidoleni. Akagusa behewa la nyuma. Kidole kikatoka safi.

"La nyuma nimeshalipiga vanishi," Raymond alisema. "Hilo halitoki tena. La mbele vanishi iliniishia, ndiyo nimeleta kopo hili."

"Liweke chini," Enid alisema.

Raymond aliliweka. Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka, na alimtazama kana kwamba amemkanyaga mtu gizani.

Clifford alikuja kutoka upande wa pili wa meza, jalada kwapani. Alisema anaelewa kwamba mtu hupenda kitu chake, lakini hapa hawafuati mapenzi, wanafuata historia. "Si maoni yangu, Bi Enid. Ni picha."

Enid akaomba jalada. Akalifungua juu ya kiti, kando ya keki, akaanza kuzitazama picha ambazo Jumanne alikuwa ametazamishwa tu. Alikuwa akitazama vivuli vimelalia upande gani. Kisha akauliza nani alizipiga. Clifford akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba nyingi alizipiga mwenyewe, alikuwa na miaka kumi na mitano, na kamera aliyopewa na babu yake.

"Siku gani?"

"Jumamosi. Siku za wiki nilikuwa shule."

"Saa ngapi?"

Clifford alifikiri. "Alasiri. Mama hakuniruhusu kutoka kabla ya chakula cha mchana."

Enid alifunua nyingine, na nyingine. Alasiri, alasiri, mvua ya alasiri. "Treni inatoka saa moja asubuhi," alisema, "inapanda mlima na kushuka mara nane, inapita kwenye mahandaki manne na viwanda vinavyotoa moshi, halafu wewe unashiba, unakuja saa tisa na kamera yako, unaipiga picha, na miaka thelathini na saba baadaye unaniambia mimi kwamba ilikuwa chafu."

Wanaume waliokuwa wakiunganisha nyaya upande wa pili walikuwa wameacha kuunganisha.

"Sasa soma saa yako," Enid alisema, akaonyesha ile punje ya dengu juu ya jukwaa.

Clifford hakuhitaji kuisoma. Aliichora mwenyewe.

"Kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Ada anatoka saa moja na dakika tano. Saa hiyo alikuwa wapi, Mwenyekiti? Hakuwa kwenye picha zako. Alikuwa hapa hapa mbele ya karakana, na alikuwa mikononi mwetu."

Mtunza hazina, mzee mmoja mkimya aliyekuwa chini ya meza akitafuta waya, alisikika akisema kwa sauti ya chini kwamba hapo mwenyekiti amepigwa kwa fimbo yake mwenyewe. Mwingine akakohoa kuficha kicheko. Clifford aligeuka mwekundu mpaka masikio. Lakini alikuwa mtu wa ushahidi, na mtu wa ushahidi huwa na pango la mwisho la kujifichia. Alisema hata kama ni hivyo, chama hakina picha hata moja ya wasafishaji.

"Nani angeipiga?" Enid aliuliza. "Mlikuwa mmelala."

Hapo ndipo alipoitazama meza yote, na akaona kitu ambacho kwa mwaka mzima, birika mkononi, hakuwa amekiona. Watu wadogo mia moja na arobaini. Madereva, makondakta, wapagazi, mchungaji na baiskeli yake, bibi mwenye mbwa. Vijana wenye kamera mwishoni mwa jukwaa aliwahesabu, walikuwa saba, saa kumi na mbili asubuhi. Na mbele ya karakana, pale ambapo yeye na Olive na wale wawili waliokwisha kulala kaburini walisimama kila alfajiri ya Mungu, theluji na mvua, hapakuwa na mtu. Treni zote zimesimama pale, kana kwamba zinajiosha zenyewe.

Ndipo hasira yake yote ikaja, na ilikuja kimya. Aliwaza kwamba walihesabu vigae vya paa la choo cha stesheni. Walibishana wiki tatu juu ya rangi ya kopo la maziwa. Na wanawake wanne wenye ndoo hawakuwapotea hata kidogo, kwa sababu hawakuwahi kuwatafuta. Yeye mwenyewe alikuwa amewachemshia chai mwaka mzima, kwa mikono ileile.

Saa ya ukutani, ile ya kweli, ilisema saa mbili na dakika arobaini. Olive alikuwa pengine anavalishwa koti.

Raymond alijongea. Hakuwa akitazama treni, alikuwa akitazama vidole vya Enid vilivyoshika ukingo wa meza, na ni kama ndiyo kwanza anaviona, ingawa alikaa navyo katika plasta Jumanne tano mfululizo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakujua. Alisema behewa la nyuma haliwezi kurudi leo, hata afanyeje. Kisha akauliza anataka wafanye nini.

Enid alivua koti, akapandisha mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko.

"Niletee beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo na mswaki mkuukuu. Behewa la mbele nitaliosha mimi. La nyuma liacheni hivyo hivyo, saa hiyo tulikuwa hatujalifikia. Na wewe una boksi la watu wasiopakwa rangi, nimeliona. Kabla ya saa tano naomba unifanyie wanawake wanne, wenye ndoo na brashi za mpini mrefu, uwapange kando ya Ada. Mmoja umsimamishe juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huyo ni Olive, umweke mbele."